Kalunguyeye Hakuwa Tarishi

Mpaka nilipotimiza miaka ishirini na minane niliamini kwamba kuna katuni moja duniani isiyo na sauti, na kwamba baba yangu peke yake ndiye anayejua maneno yake.

Ilikuwa katuni ya zamani, katika zile za kuchekesha za mwanzo kabisa kutengenezwa kwa ajili ya televisheni, nyeusi na nyeupe, yenye vipande vya dakika nne au tano. Kalunguyeye mwenye mkoba mkubwa anapanda kilima mpaka kwenye nyumba ya bata bukini mnene aliyevaa kofia. Anabisha. Bata anafungua. Wanazozana. Mlango unafungwa kwa kishindo, miiba ya kalunguyeye inapukutika yote, kisha inarudi mmoja mmoja. Waliotengeneza walikuwa wabahili wa michoro. Kalunguyeye akikimbia, mti uleule na dirisha lilelile vinapita nyuma yake mara kumi. Mdomo nao ulikuwa na picha tatu tu: uliofungwa, uliofunguka nusu, na ulio wazi. Mdomo wa namna hiyo unaweza kuupachika maneno yoyote unayotaka.

Baba aliununua mkanda wake wa video kwenye duka la mitumba hapo Barking, London, mwaka ule tuliofika Uingereza. Nilikuwa na miaka sita. Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, katika flati ya vyumba viwili iliyonuka rangi mpya. Mama alikuwa amebaki kwetu Wete, Pemba, kumuuguza bibi, na angetufuata bibi akipata nafuu. Ndivyo nilivyoambiwa. Bibi hakupata nafuu, alifariki, na baada ya hapo kikawa kinasubiriwa kitu kinachoitwa viza, ambacho mimi nilikiona akilini kama mnyama fulani mwenye kiburi asiyependa kuitwa.

Jumamosi nikirudi madrasa, baba alikuwa keshavua sare ya dobi la hospitali alikofanya kazi, kesha kupika chai ya tangawizi. Hakukaa kwenye kochi. Alichuchumaa pembeni mwa televisheni, uso wake ukiwa sawa na kioo, kana kwamba na yeye ni mmoja wa waliochorwa.

"Sauti ya mkanda imeharibika," aliniambia siku ya kwanza. "Lakini usijali. Miye niliiona hii nilipokuwa kijana. Naijua yote kwa moyo."

Kisha akaanza. Kalunguyeye alimtolea sauti nyembamba ya puani, bata akampa sauti nzito kama ya sheha wa mtaa aliyeamshwa usingizini.

"Hodi, hodi bwana mkubwa!"

"Hodi ya nini? Barua yangu iko wapi?"

"Barua ipo, bwana. Ila..."

"Ila nini, kidudu cha miiba wewe?"

"Ila mbuzi kaila, bwana. Kaanzia kwenye stempu."

"Kaila yote?"

"Kabakisha salamu."

Nilicheka mpaka nikaanguka juu ya zulia. Katika hadithi ya baba, kalunguyeye alikuwa tarishi, na ndani ya mkoba wake mlikuwa na barua ya mke wa bata, aliyebaki ng'ambo ya mto. Kila Jumamosi barua ilipatwa na balaa jipya. Ilianguka mtoni. Ilipeperushwa na upepo. Siku moja kalunguyeye aliilalia na miiba ikaitoboa, ikawa haisomeki isipokuwa neno moja, nalo lilikuwa "subiri".

"Mke wa bata yuko wapi?" nilimuuliza.

"Yuko njiani," alisema baba, na akanywa chai.

Hayo ndiyo maneno aliyokuwa akiyatumia kwa mama. Sikuona ajabu. Niliona kwamba mimi na bata tuko katika hali moja, na kwamba hali hiyo inachekesha, na kitu kinachochekesha hakiwezi kuwa na mwisho mbaya. Chini yetu aliishi bibi mmoja wa Kiingereza ambaye aliitazama katuni hiyo utotoni mwake. Nilipomhadithia habari za barua alitikisa kichwa akasema hakumbuki barua yoyote, wala huyo mke. Nikamwambia, kwa Kiingereza changu kipya, kwamba hakuitazama vizuri.

Nilipofika miaka tisa mashine iliutafuna ule mkanda. Mama alikuwa bado hajaja. Siku hiyo nilimuuliza baba swali moja kwa moja: mama hataki kuja? Alikuwa akikunja nguo. Alikunja shati moja mara tatu, akasema, "Mama yako ana mambo yake, mwanangu. Tumwachie Mungu."

Nikaelewa nilivyoelewa. Tangu siku hiyo nikawa mtoto wa mwanamke aliyeombwa aje akaona hapana haja. Sikukuu baba alipopiga simu Wete na kuniwekea sikioni, nilimjibu mama kwa Kiingereza. Ndiyo. Hapana. Nzuri. Nilijua fika kwamba hakijui. Watoto wengi tunaokulia huku tunaelewa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, na wazee wetu husema ni uvivu wa ulimi. Wangu haukuwa uvivu. Nilimsikia akisita upande wa pili, akitafuta pa kuingilia kama mtu anayepapasa mlango gizani, na nilifurahi.

Kiswahili nilikirudia ukubwani, kwa vitabu na kwa ukaidi, nikakipenda kama mtu anavyopenda kitu alichokaribia kukitupa. Riwaya yangu ya kwanza niliiandika kwa lugha hiyo. Inahusu mama anayekuja bandarini kumuaga binti yake mdogo na kuipa boti mgongo kabla haijang'oa nanga. Watu waliipenda sura hiyo. Nimeisoma kwenye kumbi ndogo za London mbele ya wauguzi waliotoka zamu, na nimeona wakifuta macho kwa ncha za kamba za vitambulisho vyao. Kabla haijachapishwa nilimpa baba mswada aupitie, kwa kuwa Kiswahili chake ni cha mtu aliyekuwa mwalimu. Aliupitia kwa penseli, wiki mbili nzima. Pembeni mwa sura ya bandarini aliandika: "Hapa pazuri sana."

Mwaka jana nilipata kazi ya kuandika maneno ya katuni. Ni studio ndogo huko Thornton Heath, juu ya duka la nywele za bandia, na wenyewe ni wazazi waliochoka kujibiwa Kiingereza na watoto wao. Walikuwa wamepata ruhusa ya kuzitia Kiswahili katuni kadhaa za zamani. Kazi inataka subira. Unahesabu mdomo umefunguka mara ngapi, unatafuta sentensi inayokaa humo, na herufi zinazofunga midomo uziangushe pale mchoro nao umefunga. Waliponiwekea katuni ya kwanza, niliona kilima, niliona kofia, nikapiga kelele ya furaha mpaka fundi wa sauti akavua vifaa vyake masikioni.

"Unaijua hii?" akaniuliza.

"Naijua kwa moyo," nikasema.

Akaongeza sauti.

Kalunguyeye alikuwa mchuuzi. Mle mkobani mlikuwa na mabrashi, mitego ya panya, dawa ya kung'arisha viatu, na bata alikuwa mtu tu asiyetaka kununua. Nilitazama vipande ishirini na sita kwa siku mbili. Hapakuwa na barua. Hapakuwa na ng'ambo ya mto. Bata hakuwa na mke, na hakuwa akimsubiri mtu yeyote.

Sikukasirika hapo. Nilimwona baba mtu mkubwa kuliko nilivyomjua: mfua mashuka wa hospitali aliyekaa sakafuni akatunga vichekesho ishirini na sita ili binti yake acheke. Nilipanda treni kwenda Barking nikiwa na hotuba kamili ya sifa kichwani. Nilimkuta na shangazi, dada yake mkubwa, aliyekuja kutoka Rayners Lane na kontena la sambusa. Nikawahadithia, nikaigiza sauti zote mbili. Shangazi alicheka mpaka ushungi ukamtoka.

"Baba," nikasema, "kwa nini lakini hukuniambia umetunga wewe? Na ile barua uliitoa wapi?"

Baba hakucheka. Alikuwa akitazama mikono yake. Shangazi naye akaacha kucheka, polepole.

"Mwambie," alisema shangazi. "Kesha kuwa mtu mzima. Mwambie, ama miye n'naondoka na sambusa zangu."

"Niambie nini?"

Baba alijikohoza. "Mama yako hakuwa wa kuja," alisema. "Nilimwandikia talaka wiki tatu kabla ya safari. Yeye alikataa kumwacha mama yake mgonjwa, na miye nilikuwa sina budi kuondoka, siasa zile... Nilikuwa na hasira. Tukakubaliana wewe uje usome. Nikamuahidi nitakueleza."

"Kwa hiyo viza?"

"Hapakuwa na viza."

"Hata ya kuomba?"

"Hata ya kuomba."

Nikamgeukia shangazi. "Na wewe ulijua."

"Sote tulijua, mwanangu. Sote, tuliokuwa Wete na tulio huku. Lakini talaka ya mtu haisemewi. Mwenye kuandika ndiye mwenye kusema. Kila mwaka nikimwambia, mdogo wangu, sema. Yeye: natafuta siku nzuri."

"Miaka ishirini na miwili hukuipata siku nzuri?" nilimuuliza baba.

"Ulikuwa ukicheka," alisema. "Kila nikitaka kusema, wewe unacheka. Ningeanzia wapi?"

Nikakumbuka shati lililokunjwa mara tatu. Siku ile sikuwa nikicheka. Siku ile nilimuuliza, na alikuwa na jibu mkononi, akachagua kumtwisha mama lawama. Kisha nikakumbuka penseli.

"Uliisoma riwaya yangu," nikasema. "Uliisoma yote. Ulijua kwamba yule mama aliyeipa boti mgongo nimemchora yeye. Ulijua nimemsingizia, na ukaniandikia hapa pazuri sana."

"Ile ni riwaya," alisema baba. "Wewe mwenyewe husema riwaya ni ya kubuni. Nilidhani umebuni."

Nimesikia uongo mwingi unaopendeza, na mwingine nimeutunga mwenyewe kwa kazi. Huo haukupendeza. Ulikuwa mwembamba na umejaa matundu, na baba alijua, maana hakuinua macho. Nilivaa koti. Shangazi alinifuata mpaka kwenye ngazi akinishika mkono, akisema baba yako alikupenda, alikuwa peke yake na mtoto wa miaka sita, angefanyaje? Labda ni kweli. Lakini alikuwa na mtu wa kumsaidia kunilea. Mtu huyo alikuwa Wete, kwenye simu, akipapasa mlango.

Nilimpigia mama kesho yake, mchana. Tangu nikiwa mkubwa tunazungumza sikukuu mbili kwa mwaka, kwa adabu, kama watu waliowahi kukaa mtaa mmoja. Ana mume mwingine sasa, ana watoto wawili, anauza vitambaa. Nilimuuliza bila ya utangulizi: alijua kwamba tulikuwa tukimsubiri?

"Mlikuwa mkinisubiri?" alisema. "Babako aliniambia kakueleza. Alisema mtoto kafahamu, ila kachukia. Ndiyo mana hasemi na miye."

"Hakunieleza kitu. Nimejua jana."

"Jana hii?"

"Jana hii, mama."

Nilimsikia akivuta kiti. "Subhanallah," alisema, mara mbili, kwa sauti ndogo. Kisha akauliza, "Na kile kitabu?"

Sikujua kwamba anakijua.

"Nilisomewa na mdogo wako, chote," alisema. "Nikasema, mtoto kaandika anavyoona, labda miye ndivyo nilivyoonekana. Lakini nilijiuliza sana, hii bandari kaipata wapi? Miye sikufika bandarini siku ile. Nilikatazwa. Walisema nikija utalia, utakataa kupanda. Nikakaa ndani, nikakushonea gauni la njano mpaka mwisho, na ulikuwa umeshaondoka."

Gauni la njano sikuwahi kuliona. Nilitaka kusema samahani, na neno lenyewe halikutoka. Nilisimama jikoni kwangu, mwandishi wa riwaya, mtu wa maneno, nikilia kwa sauti mbaya isiyo na utaratibu wowote.

"Sasa mbona unalia wewe?" alisema mama. "Aliyepewa talaka miye."

Akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyeumia zamani akazoea. Nami nikacheka katikati ya kilio, na ilikuwa mara ya kwanza tunacheka pamoja tangu nikumbuke. Halafu akasema dukani kaingia mtu, nimpigie kesho, saa kama hizi.

Nimempigia kesho yake, na keshokutwa, na kila siku tangu hapo. Mchapishaji nimemwomba asiitoe tena ile riwaya mpaka niibadilishe, na hajafurahi. Baba ameniachia ujumbe mara nne. Anauliza kama nimekula, kama nimepata baridi, kama kazi ya studio inaendelea. Sijamjibu. Nina jibu, na siku nzuri ya kumwambia nilikuwa nayo, kama alivyokuwa nayo yeye. Nimeiacha ipite.