Bwana Aliyelima Bahari Sebuleni

Juzi nilikuwa agroveti, duka la dawa za mifugo, hapa Kakamega nikingoja dawa ya kupe, na mbele yangu bwana mmoja na mkewe. Bwana akainama kwa muuzaji kama anayetubu.

"Nina bahari ndani ya kioo sebuleni, na matumbawe hai. Sasa kumeota vidude laini kama maua, kumbe ni wanyama. Vinayachoma matumbawe, yanakufa."

"Umevifanya nini?"

"Nilivipalilia na kisu. Vikarudi vingi kuliko mwanzo."

Nilicheka mpaka leso ikalegea kiunoni. Marehemu shangazi alikuwa akituambia shambani, "Lumbugu ukiikatakata kwa hasira, itakushukuru." Kumbe nyasi hiyo sugu ina ndugu baharini!

Muuzaji akatoa sindano ya kuchanjia kuku. "Usikate tena. Kamua ndimu, maji yake udunge kila kimoja mdomoni."

Mke akaguna. "Visipokufa kufikia Jumapili, kwenye kioo hicho nalelea vifaranga. Chakula chao nishanunua."

"Mama watoto, nihurumie. Hiyo bahari nimeilea kama mtoto."

Akaishika sindano kama mtu anayekoroga uji. Mke akamtazama, akasonya, akampokonya.

"Leta hapa! Utadunga samaki bure. Kwani nani huchanjanga kuku wetu?"

Wakatoka, mama mbele na sindano, bwana nyuma na mfuko wa chakula cha vifaranga kichwani.

Marehemu mume wangu aliniomba mengi, wanangu, lakini hakuniomba hata siku moja nimchanjie bahari. Angeniomba, ningemchanjia.