Delta Inakaa Wapi

Fidès hakuwahi kuiogopa hesabu, na asubuhi ile ya kwenda Area 18 hakuwa na nia ya kuanza. Kule Bukavu alifundisha sekondari. Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, watu wanamjua kama mama wa cherehani tu, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kusema. Sasa shule moja ya binafsi ya huko Area 18, mjini Lilongwe, ilikuwa imemwita afundishe somo moja la majaribio. Akifaulu, anarudi ubaoni. Akishindwa, anarudi kwenye zipu za watu.

"Banataka grafu," mumewe Dany akamwonya, huku akimpigia pasi blauzi. "Usibaletee mambo mingi ya kwetu."

"Delta njo mama ya yote," Fidès akajibu. "Mi nitabaonyesha."

Kichwa kigumu, huyo mama. Huko shuleni mwalimu mkuu, Bwana Nkhoma, alikaa nyuma ya darasa, mikono kifuani. Fidès akaandika y = x² − 2x − 3, akairukia delta moja kwa moja, kama tulivyofundishwa sisi wote wa Kongo: tafuta delta, yaani b² − 4ac, toa majibu, piga mstari chini, umemaliza. Delta 16. Majibu 3 na −1. Akageuka, akingoja nyuso zichangamke.

Lakini watoto hawa wamezoea kuchora kwanza, kisha kusoma mkunjo unakata wapi. Neno delta hawakuwahi kulisikia.

Msichana wa dirishani, Tadala, akanyoosha mkono. "Madam, hiyo delta iko wapi kwenye grafu?"

Miaka yote ya kufundisha, hakuna aliyemuuliza Fidès hivyo, wala yeye hakujiuliza. Bwana Nkhoma akatazama saa yake.

Lakini swali si nyoka. "Tuitafute," Fidès akasema, akachora mihimili miwili. Weka sifuri mahali pa x: y ni −3, na hapo mkunjo unakata mhimili uliosimama. Weka sifuri mahali pa y: unakata mhimili uliolala kwenye −1 na kwenye 3. Akapitisha mkunjo kwa mkono mmoja, laini, kama anavyokata shingo ya gauni. Kisha akautazama tena, na hapo akaiona delta.

"Kutoka −1 mpaka 3 ni hatua ngapi?"

"Nne," darasa likajibu.

"Na kipeuo cha pili cha delta yetu, cha kumi na sita?"

Tadala akawahi wenzake. "Nne! Basi delta iko pale katikati. Kipeuo chake kinatuambia pale mkunjo unapokata mara mbili pameachana kiasi gani."

"Ndiyo. Mradi x² iko peke yake, haina namba mbele."

"Na delta ikiwa sifuri?" Sauti ilitoka nyuma. Bwana Nkhoma hakuwa anamtega mtu, alitaka kujua.

"Hakuna umbali, bwana," Tadala akamjibu. "Mkunjo unagusa mara moja tu, halafu unapanda."

Bwana Nkhoma akainuka. "Madam, kuanzia Jumatatu darasa hili ni lako."

Watoto wakasimama wote, kama wanavyosimama mwalimu wao anapoaga. Fidès aliwatazama, chaki bado mkononi.

"Kaeni," akasema. "Kengele haijalia."