Mtu Niliyemrusha Siku ya Tatu

Mbio za siku nne za Durban ziliishi miaka miwili tu. Mwaka wa kwanza nilizitazama kutoka jukwaani, mwaka wa pili nikashiriki, na kabla ya wa tatu mfadhili akajitoa. Uwanja ukabaki kwa watu wa mazoezi ya asubuhi na mbwa wao. Sidhani kama kuna aliyeziandika, kwa hiyo naandika mimi, ingawa nilichofanya ndani yake ni aibu.

Zilikuwa mbio za baiskeli za wawili wawili. Mmoja anashindana, mwenzake anazunguka polepole juu kabisa, pale njia inapoinuka kama ukuta, akivuta pumzi. Wakikutana, anayeshindana humshika mwenzake mkono na kumrusha mbele kama jiwe la kombeo, kisha yeye anapumzika. Haya yote baiskeli zikiwa mwendoni, bila breki. Siku ya kwanza ya mazoezi nilishuka kichwa kikizunguka, nikakaa kwenye nyasi nikicheka peke yangu.

Nilikuwa mwanafunzi kutoka Kenya, na niliogopa kukosea kuliko nilivyoogopa kuanguka. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa na kitabu chakavu chenye michoro, na kitasa cha mlango wa bafu katika fleti yetu South Beach. Kila asubuhi nilikivuta mara hamsini kabla ya chai, na nikikosea hata mara ya arobaini na tisa, nilianza upya. Mwezi wa pili kitasa kiling'oka.

Mwenzangu alikuwa kinyozi Mkongo, mkubwa wangu kwa miaka kumi. Nilimwita yaya, kama kwao wanavyomwita kaka mkubwa, ingawa kwetu yaya ni mlezi wa watoto. Yeye aliniita peti, yaani mdogo. Hakuogopa kitu ila kuikosa Jumapili, siku ya mwisho, maana alikuwa ameialika kwaya nzima ya kanisa lake. Na sheria ilikuwa wazi: wawili wakiachwa na wanaoongoza mizunguko kumi kabla ya Jumapili, wanaondolewa.

"Peti, kwaya iko inakuja na teksi mbili," aliniambia. "Tukitolewa Jumamosi, mimi nahama huu mji."

Ili nisikosee, nilimnunulia glavu nyekundu, kwa kuwa wengine wote walivaa nyeusi. Nikajizoeza kutafuta glavu, si mtu. Alhamisi na Ijumaa mpango ulifanya kazi vizuri ajabu. Tulikuwa wa mwisho, mizunguko minane nyuma, lakini tulikuwa hai.

Jumamosi mchana, wawili kutoka Johannesburg walikuja na glavu nyekundu. Baadaye nilisikia waliziona za yaya wakazipenda. Mapafu yakiniwaka, niliona wekundu mbele yangu, nikaushika, nikavuta kwa nguvu zote za mlango wa bafu. Sijawahi kurusha vizuri vile. Nakiri kwamba kwa sekunde tatu nilijivunia.

Kisha sauti ikatoka juu ya ukuta, tulivu kabisa. "Peti. Yule ni nani?"

Yule jamaa alikuwa anapaa kwenda mbele huku amenigeukia, uso kama wa mtu aliyesukumiwa katika harusi asiyoalikwa. Mwenzake naye bado alikuwa anashindana. Wao walikuwa wawili mbioni, sisi hatukuwa na mtu.

"Nishike basi," yaya akasema, "ama uko unangojea mwingine?"

Kicheko kilinimaliza nguvu za mkono, tukapoteza mzunguko mzima. Kipindi cha mchana kilipokwisha, majaji wakapekua kitabu chao kutafuta adhabu ya kumrusha mpinzani. Haikuwemo. Mmoja alikuwa anajifuta machozi. Wakaamua kwamba hasara tuliyojiletea inatosha: mizunguko tisa. Kilibaki kipindi kimoja cha jioni, na tukipoteza mzunguko mmoja tu tunaondolewa.

Yaya akavua glavu. "Acha kutafuta rangi. Mimi nitaimba, utanisikia."

Na aliimba kweli, sauti ya tenor, wimbo wa kanisani, mzunguko baada ya mzunguko. Niliufuata wimbo, nikamshika yeye kila mara. Hatukupoteza tena hata mzunguko mmoja.

Jumapili teksi mbili zilifika. Yaya alipoanza kuimba juu ya ukuta, watu thelathini wakamwitikia kutoka jukwaani, nami nikampoteza kabisa. Nilizunguka nikimtafuta, nikicheka mpaka macho yakajaa machozi, hadi aliposhuka mwenyewe mbele yangu na kunyoosha mkono.

Tulimaliza wa mwisho. Mama mmoja wa kwaya akanishika mashavu yote mawili. "Mulipita mbele yetu mara mingi sana," akasema. "Hakuna mwenye alipita kama ninyi."

Nilifungua mdomo nimweleze kwamba wengine wote walipita mara nyingi zaidi, na ni ngapi hasa. Yaya akanikanyaga mguu.