Mashini Inaoga

Mashini yetu ya sabuni iko nyuma ya nyumba ya mama, Majengo, pale palipokuwa na migomba yake. Aliing'oa mwenyewe niliporudi kutoka Afrika Kusini nikamwambia sikuja kukaa tu. Nilikuwa nimeondoka Goma na begi moja la mgongoni. Huko nikaosha malori ya watu mchana na kusoma jioni, nikarudi na diploma ya ufundi wa mitambo ambayo hakuna aliyenilipia. Nasema hivyo bila haya. Diploma yenyewe iko ukutani kwa mama, juu ya kochi lenye vitambaa vya kufuma, na mgeni hakai kabla hajaonyeshwa.

Mradi wa kiwanda niliuandika mimi. Mama aliuza kibanda chake cha sokoni, mimi nikatoa akiba yangu, na mjomba, kaka yake mama anayeleta mawese kutoka Maniema, akaongeza fungu lake. Tulikutana kwenye kochi lile lile, na chai haijapoa tulikuwa tumeshagombana. Mjomba alitaka mashini mbili. Mimi nilitaka moja, na pesa ya ile ya pili nilikwisha kuipangia kazi: chumba kilichofungwa vizuri, maana vumbi jeusi la mlima wetu wa volkano huingia hata kwenye sahani iliyofunikwa, vipuri vilivyoagizwa pamoja na mashini, mafuta ya kulainishia. Tena kila Ijumaa asubuhi mashini isimame, ifunguliwe na kusafishwa, hadi watu watoke msikitini.

"Mashini iko mupya, na weye unaitafutia munganga?" mjomba akauliza. "Mutoto hajazaliwa, unamununulia dawa ya kikohozi!"

"Mujomba, kikivunjika kitu, kipuri kitatoka wapi? Tutangojea meli?"

"Enjenya wa sabuni! Ya kwanza ikikufa, ya pili inafanya kazi. Dawa ni hiyo."

"Na zikikufa zote mbili?"

"Basi tunauzisha parseli, kiwanja na nyumba. Dada anaenda Kindu kwa binti yake, anapumzika."

Alikuwa anacheka, lakini mama aliacha kumimina chai. Nyumba hii waliijenga na baba juu ya jiwe la lava, wakibeba mchanga kwa mabeseni, na ndimo baba alimofia. Dada yangu aliye Kindu anampenda, na huko kuna chakula kizuri, lakini mama hataki kuzeeka kama mgeni. Mimi nilijua, na mjomba naye alijua.

Mama akaninyooshea kidole. "Huyu nilikuwa namupeleka kwa peze kila mwezi, pale dispansari, wamupime kilo. Alikuwa munene, mashavu hivi! Majirani ya kartie bananicheka: 'Mama, huyu muzito unamubeba wapi na haiko mugonjwa?' Mimi naenda tu." Akashika birika tena. "Mashini moja. Na hiyo Ijumaa yake."

Sikuwahi kupewa cheti kizuri kama hicho, na mimi ninavyo vyeti.

Ijumaa ngumu ilikuja wiki ya Idi, wakati kila nyumba inafua. Wamama wachuuzi wa Keshero na Munigi walikuwa wamejaa kwenye lango tangu asubuhi, na mabeseni yao. Mjomba akaja na kofia yake ya sala na madumu ya mawese.

"Leo hapana, mutoto wa dada. Bateja hawa wakienda kwingine, hawarudi. Juma ijayo utaiosha mara mbili."

"Mashini haiogi mara mbili kwa juma moja, mujomba. Leo ni siku yake."

Sikuyumba. Lakini parseli si yangu, na mama angesema tuendelee nisingekuwa na mdomo wa kumkatalia. Nikamtazama. Alisimama mlangoni akiwaangalia wale wamama, akaangalia pale migomba yake ilipokuwa, kisha akaenda ukutani akazima umeme mwenyewe.

"Bamama zangu," akaita, "mashini inaoga! Kaeni, chai iko."

Walicheka hadi langoni. Mmoja akauliza kama inaoga kwa sabuni yake yenyewe. Hakuondoka mtu.

Nilifungua mashini, mama akaketi kwenye kigoda akipangusa vyuma kwa kitenge kikuukuu, taratibu, kimoja kimoja, kama anayefuta uso wa mtoto. Grisi ya zamani ilikuwa imeshakuwa nyeusi, imejaa mchanga wa lava. Tukaitoa yote, tukapaka mpya.

Mjomba alirudi kutoka msikitini. "Haya. Mulikuta nini?"

"Vumbi," nikamjibu.

"Vumbi tu? Hakuna kitu kimevunjika? Batu bamesimama pale sababu ya vumbi?"

"Weye ulitaka tukute nini?" mama akamuuliza.

Mjomba akavua kofia akacheka mwenyewe. Akaomba chai. Mashini ikawaka, miche ya sabuni ikatoka myororo na ya moto, na wale wamama wakapanga foleni.

Nimesoma miaka mingi, kwa jasho langu, ili nifungue mashini na nisikute kitu. Hilo sioni aibu kujitamba nalo mbele ya mtu yeyote Goma.

Jioni mama alikaa dirishani kwake, akisikiliza mngurumo wa mashini hadi nilipoizima.

"Kindu nitaenda," akaniambia. "Kutembea. Juma mbili, ninarudi. Na chumba cha mashini umefunga?"

"Nimefunga, mama."

Akanyanyuka, akaenda kuhakikisha.