Matuta Mawili ya Misonobari

Mwezi wa kumi na mbili niliondoka Beni na watoto wangu wawili, nikaja kukaa kwa dada yangu mkubwa karibu na Musienene. Risasi zilikuwa zimekaribia mtaa wetu. Mume wangu, mwalimu, alibaki na wanafunzi wake.

Dada alikuza miche ya misonobari na kuwauzia wenye mashamba vilimani. Mwezi wa kwanza alinipa mfuko wa mbegu.

"Panda yote leo. Mvua ya mwezi wa tisa ikute miti iko tayari."

Nilipanda nusu tu, tuta moja. Nusu nyingine nilificha chini ya godoro, niipeleke nyumbani Beni, maana kila juma nilijiambia juma lijalo tutarudi.

Sikuweza kutulia. Nilimwagilia asubuhi na jioni, kisha nikawa nachimbua udongo kwa kidole kuona kama mbegu zimepasuka. Simu ya mume wangu ikichelewa, nilizunguka lile tuta mpaka dada akanishika mkono.

"Unaziua. Acha kuzigusa."

Mwezi wa nne barabara ilikuwa bado mbaya. Nikatoa zile mbegu, nikazipanda kimyakimya kwenye tuta la pili. Mvua kubwa ilikuwa imekwisha kuanza. Miche mingi ikaoza shina ikiwa ingali michanga, na jua la mwezi wa saba likaidumaza iliyobaki. Mwezi wa tisa, miche ya kwanza ilipita shibiri, shina gumu kama kalamu. Ya pili haikufika urefu wa kidole.

Dada alichuchumaa kati ya matuta. "Mbegu ni ile ile?"

"Ni ile ile, yaya," nikasema, kama tunavyomwita dada mkubwa. "Niliificha, nipande Beni."

"Mais lakini, ungeniambia. Ningekupa ingine ya Beni."



Juma lile mume wangu alifika na pikipiki. "Nimekuja kubachukua. Masomo imeanza, kumetulia kidogo." Miezi tisa nilikuwa nimeyangoja maneno hayo, na bado nilikunja nguo polepole.

Mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata dada alipiga simu. Ile miche ya pili ilikuwa imefika shibiri, ameipanda kilimani.

"Imesimama vizuri?" nikauliza.

"Ingine ilipinda. Mais iko nakomea, inakua tu."

Nilimsikiliza nikiwa mlangoni, macho barabarani. Nguo za watoto zilikuwa bado ndani ya mabegi. Tangu turudi Beni sijazitoa zote.