Sura ya Nne Ilivyomuudhi Swabaha

Swabaha alikuwa wakala wa forodha pale mpakani Rusumo, na katika kazi yake hakuna kilichomkera kama lori ambalo karatasi zake zinasema saruji, turubai likifunuliwa ndani kuna sabuni. Ndiyo maana siku ile, mwaka 2016, aliitupa simu mezani, akasonya mpaka dereva aliyekuwa akisubiri karatasi zake akageuka.

"Nini tena?" akauliza Gozbert, mwenzake wa ofisini.

Ulikuwa ule mchezo wa kutisha wa kwenye simu, uliotoka sura moja moja. Katika sura ya kwanza, binti anarudi nyumbani na kukuta mlango wazi, sufuria inachemka jikoni, watu hawapo. Hakuna jini wala damu. Swabaha aliicheza mwili ukimsisimka, kisha akasubiri zilizobaki miezi mitano.

"Sura ya tatu wamempa bunduki, anamiminia misukule risasi kama anafukuza ngedere shambani! Ya nne, eti alikuwa anaota, wote wapo mezani wanakula! Hawa wangepita kwangu, ningewazuia na mzigo wao!"

"Dada, si mchezo tu?"

Swabaha akanyoosha kidole dirishani, kwenye basi lililokuwa likipeleka wakimbizi wa Burundi kambini. "Unamwona yule mama mwenye kitenge cha kijani? Nilipompa maji aliniambia wameondoka maharage yakiwa jikoni yanachemka. Haya, nenda kamwambie alikuwa anaota."