Rimu Iliyosema Njooni

Alasiri ile tulikuwa tukikung'uta simsim juu ya maturubai, na Karisa alikuwa akinisema kama kawaida yake.

"Kazungu, hata nyani ana mti wake. Wewe kwenu wapi?"

"Kwetu ni pale nitakapolala leo."

"Na ukifa tukupeleke wapi, wee?"

Nilicheka. Niliacha shule mapema, nikazunguka Mtwapa, Malindi, Mambrui, kokote nilikosikia kuna kazi au jambo geni. Karisa, mtu wa Dabaso, ndiye aliyeniita kwenye mashamba yale ya kaskazini kando ya msitu, ambako alikuwa shemasi wa kanisa dogo la mabati. Tulijua kuna wenye bunduki msituni. Wanajeshi walikuja, wakaondoka. Watu waliendelea kuvuna, maana simsim ikishakauka haimngoji mtu. Hupasuka na kumwagika chini.

Kengele ya kanisa ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mkorosho. Karisa aliigonga kwa nondo, Jumapili kwa ibada, Alhamisi kwa maombi ya kina mama.

Ilikuwa Alhamisi.

Milio ya kwanza nilidhani ni mtu anapigilia mabati. Kisha nikaona moshi.

"Lala chini!" Karisa aliniambia, nami nikalala kati ya matita ya simsim. Yeye alikimbilia kanisani.

Aligonga rimu. Aligonga kwa haraka, ili watu wakimbie.

Lakini rimu ile haikuwahi kumwambia mtu akimbie. Ilikuwa ikisema njooni.

Nyumba za kina mama zilikuwa upande wa pili wa kanisa, karibu nalo, na upepo ulivuma kutoka kwao, bunduki za mbali hawakuzisikia. Wakaja, leso mabegani, wakiharakisha wasichelewe.

Karisa aliwaona. Akatupa nondo, akawakimbilia akipunga mikono.

"Rudini! Rudini!"

Waligeuka.

Mama Sidi, mmoja wao, hakugeuka. Masikio yake yalikuwa mazito. Rimu aliisikia; sauti ya mtu, hapana.

Karisa alimfikia, akamshika mkono.

Wakaanguka pamoja.

Tulimzika Karisa kwao Dabaso. Mchungaji alisema Mungu huchuma ua zuri kwanza, na kwamba mwema huondolewa mapema asije akaona mabaya yanayokuja. Watu wakaitikia amina. Mama yake hakuitikia.

Wageni walipopungua aliniita nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Niambie kweli. Risasi ilimkuta akikimbia?"

"Akikimbia, Mama, lakini si kwa kuondoka. Alikuwa akimwendea mama mmoja asiyesikia vizuri, aliyekuja kwa sauti ya rimu aliyoigonga yeye."

Alifuta vumbi miguuni kwa leso.

"Basi wasiniambie alichumwa. Karisa hakuwa ua, alikuwa mtu, na alikwenda mwenyewe. Bwana Yesu naye alikufa kijana, mamake akitazama. Kuna aliyempelekea Mariamu habari za maua?"

"Sijui, Mama."

"Mungu amempokea. Hilo naliamini. Ila waliomuua ni watu." Akanitazama. "Huyo mama ameacha nani?"

"Binti mmoja, yuko Malindi."

"Utanipeleka. Asije akaishi akidhani mwanangu alimwita mamake aende kufa."

Lakini kweli rimu yake ilimwita.

Tulimkuta binti akiosha vyombo uani, karibu na soko. Mama Karisa alikataa kiti. Alieleza yote akiwa amesimama, hata habari ya rimu. Hakuificha. Binti hakuinua uso.

"Ni yeye aliyegonga?" aliuliza.

"Ni yeye."

Maji ya sufuria yakaendelea kumwagika mchangani.

"Halafu akamrudia?"

Mama Karisa alinigeukia, mimi niliyeona.

"Alimfikia," nikasema. "Alikuwa amemshika mkono."

Ndipo binti alipolia. Mama Karisa akaketi chini kando yake, na baada ya muda mrefu wakaomba, mmoja akimtaja Mama Sidi, mwingine akimtaja Karisa, kila mtu marehemu wa mwenzake. Mimi nilikaa kizingitini. Kwa kawaida huwa nina maswali mengi. Siku ile sikuwa nalo hata moja.